Mpangaji wa Mwanawe

Beryl Ormerod alikuwa na miaka sabini na moja alipojaza fomu ya kuomba msaada wa serikali kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mimi ndiye niliyekaa naye mezani siku hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaani kwetu walikuja kusema mengi, kila mtu na lake, na wengi wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Kama kuna lawama, fungu langu nalijua.

Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha biskuti pale Haslow, bega kwa bega, tukipanga biskuti za tangawizi kwenye makopo. Mumewe, Stan, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu akamwachia mtoto mmoja, Neil, na nyumba ya kupanga. Beryl alilipa pango la nyumba hiyo kila Ijumaa kwa miaka thelathini na nne, hata Ijumaa ya wiki waliyomzika Stan. Halafu mwenye nyumba akafa, warithi wakataka kuuza, na Beryl akapewa miezi miwili ahame.

Tulikwenda halmashauri kuulizia nyumba zao. Kijana wa kaunta akatazama kompyuta yake akasema, "Orodha ya kusubiri ni miaka miwili, mama, na hapo uombe Mungu."

Neil ndiye aliyemwokoa. Ni fundi wa plasta, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, ana mke, Joanne, na watoto wawili. Zamani kidogo, kazi zilipokuwa nyingi, alikopa benki akanunua kinyumba mtaa wa Inkerman ili akipangishe, kiwe akiba yake ya uzeeni. Wapangaji wake walikuwa wametoka mwezi uleule.

"Mama, hamia pale," akasema.

"Bure siingii," Beryl akamjibu.

"Na mimi bure siwezi kukuweka. Benki hainiulizi anakaa nani."

Wakacheka wote wawili. Wakakubaliana pauni themanini kwa wiki. Wapangaji waliotoka walikuwa wanalipa tisini na tano, na Joanne alinuna kidogo kwa hizo kumi na tano, lakini alinyamaza. Beryl akahamia mwezi wa nne na vitu vyake vyote, na wiki ya kwanza tu akawa amekwishapaka kizingiti rangi nyekundu.

Shida ikawa hesabu. Pensheni ya serikali ilikuwa ndogo, na ile ya kiwanda isingetosha hata kununulia hizo biskuti tulizozipanga. Halafu kulikuwa na kodi ya halmashauri, ile inayotozwa kila nyumba kwa ajili ya takataka na taa za barabarani. Nikamwambia, "Kuna msaada, shoga. Wa pango na wa kodi ya halmashauri, fomu ni moja."

"Mimi si ombaomba, Enid."

"Nani kasema ombaomba? Umekatwa kwenye mshahara tangu una miaka kumi na tano. Chako hicho, nenda kakichukue."

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa thelathini na mbili. Tuliijaza siku mbili, chai birika kwa birika. Waliuliza akiba yake, wakauliza kama ana nyumba nyingine ng'ambo, wakauliza kama anaishi na mwenzi. "Andika yupo makaburini, safu ya tatu," akasema, na mimi nikamwambia aandike "hapana" tu. Ukurasa wa kumi na tisa wakauliza kama mwombaji ana undugu na mwenye nyumba. Kalamu ikasimama.

"Nisiseme?" akaniuliza.

"Sema ukweli. Nani aliwahi kuponzwa na ukweli?"

Akaandika kwa herufi kubwa kubwa: NDIYO. NI MWANANGU. Aliandika kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha picha.

Baada ya wiki tatu akapigiwa simu na ofisa wa halmashauri, Bi. Haworth, sauti yake ya upole kabisa. Nilikuwa jikoni kwa Beryl, na kwa kuwa sikio lake moja halisikii aliiweka simu kwenye spika. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Halafu ofisa akauliza, "Bi. Ormerod, ukishindwa kulipa pango, mwenye nyumba wako atachukua hatua gani?"

"Neil? Atanifokea, halafu atafungua friji yangu aone kuna nini."

"Lakini atakutoa kwenye nyumba?"

Beryl akacheka. "Wee binti, una mama?"

"Ninaye."

"Basi umeshajijibu."

Tukasikia vidole vikigonga kompyuta upande wa pili, taratibu, neno kwa neno. Nami nilicheka pia. Sikujua kwamba pale ndipo tulipozikwa.

Barua ilikuja na majibu mawili. Kodi ya halmashauri, ombi limekubaliwa, asingelipa kitu. Pango, ombi limekataliwa. Walieleza kwa heshima sana kwamba makubaliano yake na mwanawe si ya kibiashara, kwa kuwa mwenye nyumba hana nia ya kumtoa mpangaji asipolipa. Na mtu asiyeweza kutolewa, kwa mujibu wa kanuni, hadaiwi pango la kweli.

Beryl aliisoma mara mbili akavua miwani. "Yaani angekuwa mtu baki?"

"Ungelipwa."

"Na kwa sababu ananipenda?"

Nikainuka nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Neil alipandwa na hasira. Alikwenda ofisi ya ushauri iliyoko juu ya maktaba, akakutana na mama mmoja wa kujitolea anayezijua sheria hizo kama Wakatoliki wanavyojua rozari. Alirudi kutueleza. Rufaa inawezekana. Lakini lazima aonyeshe kwamba yeye ni mwenye nyumba kama wenye nyumba wengine: mkataba ulioandikwa, daftari la malipo, barua za kudai, na mwisho notisi ya kuhama.

"Wanataka kuona meno," Neil akasema.

"Basi waonyeshe," mama yake akamjibu. "Ulianza kuyaota ukiwa na miezi minne, ulinitesa vya kutosha."

Barua ya kwanza ililetwa na posta, ina stempu, ingawa Neil anakaa mitaa minne kutoka pale. Beryl alinisomea kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Kwa Bi. B. Ormerod. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa unadaiwa pango la wiki sita. Kumbukumbu zetu! Huyu ambaye amesahau siku yangu ya kuzaliwa mara mbili!" Tulicheka mpaka machozi. Tukaiweka kwenye faili.

Ya pili ilikuja mwezi wa tisa. Safari hii aliisoma kimya, akanipa. Ilisema asipolipa ndani ya siku kumi na nne, mwenye nyumba atalazimika kufikiria kumwondoa.

"Hii si ya Neil," akasema. "Neil hajui kuandika 'kulazimika'. Hii ni ya Joanne."

"Si ni maigizo tu, Beryl?"

"Ni maigizo. Najua."

Lakini deni lilikuwa la kweli. Hilo ndilo tulilolisahau katika kicheko chetu. Beryl alikuwa anatoa pauni arobaini kwa wiki, nusu, na kuzipata hizo arobaini alikuwa anakula mkate na maharage ya kopo, na hita ameizima. Nilimkuta siku moja ameketi sebuleni na koti, na kofia, na glavu, anatazama televisheni. Akaniambia anajiandaa kutoka. Alikuwa amevaa ndala.

Na upande wa Neil, benki ilitaka zake kamili. Mwaka ule baridi ilikuja mapema, na plasta haikauki kwenye baridi kali, wajenzi wakasimamisha kazi. Joanne alipunguziwa saa shuleni anakopikia. Nilikutana naye dukani, kikapu chake kina vitu vya bei iliyopunguzwa vitupu, vyenye stika za njano. Akaniambia bila salamu, "Shangazi Enid, kila mtu anamhurumia mama. Na sisi je?"

Alisema kweli.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja Beryl alinialika chakula. Alikuwa amejibana wiki nzima ili anunue nyama ya kondoo, akaipika na viazi na vitunguu vile Neil anavyopenda tangu mtoto, juu viwe vimekauka na kuwa kahawia. Neil alikuja peke yake. Alikula sahani mbili. Akala na pai ya tufaha. Kisha akafuta mikono, akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha, akaiweka mezani kati ya bakuli la kastadi na birika la chai.

"Ni ile notisi, mama. Ya miezi miwili. Yule mama wa maktaba anasema ni bora nikupe mkono kwa mkono, na shangazi Enid atie sahihi kuwa ameshuhudia."

"Ulikuwa nayo mfukoni muda wote huu?"

"Nilitaka tule kwanza."

Beryl aliitazama ile bahasha. "Nipe kalamu," akasema. Akatia sahihi kwamba amepokea. Nami nikatia ya ushahidi. Neil akambusu mama yake shavuni, akachukua nakala yake, akaenda zake.

Beryl akaniambia, "Hakuosha vyombo. Siku zote anaosha."

Rufaa ilisikilizwa mwezi wa pili, mji wa jirani, chumba cha kawaida tu chenye meza ndefu na jagi la maji. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Bi. Haworth alikuja kwa niaba ya halmashauri. Kumbe alikuwa msichana mdogo, ana mafua, anaomba radhi kila anapopiga chafya. Beryl alivaa koti lake la buluu. Mimi niliruhusiwa kuketi nyuma, nisiseme kitu.

Hakimu alisoma karatasi zote. Kisha akamgeukia Neil.

"Bwana Ormerod, barua hizi zilianza kuandikwa baada ya ombi kukataliwa. Kabla ya hapo hukuwahi kudai hata senti. Nitaamini vipi kuwa si za kunionyesha mimi?"

Neil akakohoa. "Ni za kweli."

"Nikiikataa rufaa leo, utamfanya nini mama yako?"

"Nitamtoa."

"Mama yako mzazi? Ana miaka sabini na moja."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Umefundishwa kusema hivyo?"

Niliona shingo ya Neil ikibadilika rangi, ikipanda wekundu kutoka kwenye kola. Mama yake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, amemtazama kwa uso ule wa kumtia mtoto moyo kwenye mchezo wa shule. Alidhani bado ni maigizo. Nami nilidhani hivyo.

Neil akachomoa karatasi kwenye bahasha aliyokuwa ameiegemea kwa kiwiko. "Nimeshaenda kwa wakala wa nyumba," akasema. "Tangu Krismasi. Kuna watu wamepatikana, mume na mke, wana mtoto mchanga. Wameshalipa pauni mia za kushikilia. Wanataka kuingia tarehe moja mwezi wa tatu. Pauni mia moja kwa wiki." Akaisukuma ile karatasi mezani. "Benki imeniandikia mara tatu. Nikiipoteza ile nyumba, nitapoteza na ninayokaa. Nina watoto wawili. Siwezi tena."

Bi. Haworth alishika kitambaa puani lakini hakupiga chafya.

Hakimu aliisoma ile karatasi mbele na nyuma. Akamuuliza Beryl, kwa sauti ya chini, "Bi. Ormerod, ulikuwa unalijua hili?"

Beryl akafungua mdomo. Nilijua kabla hajatamka kwamba hatamwaibisha mwanawe mbele ya watu.

"Ndiyo," akasema. "Nilijua."

Ni uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akisema mbele ya mkubwa, na aliusema akiwa ametazama jagi la maji.

Tukaambiwa tusubiri nje dakika ishirini, kisha tukaitwa. Tumeshinda. Hakimu alisema ameridhika kuwa mwenye nyumba ana nia ya kweli ya kumtoa mpangaji, kwa hiyo pango ni pango. Msaada utalipwa, pamoja na wa nyuma wote tangu mwezi wa nne.

Neil alitokea koridoni amelowa jasho, akamkumbatia mama yake. "Tumeshinda, mama! Kila kitu, mpaka wa nyuma!"

Beryl alisimama ndani ya mikono yake kama koti lililotundikwa. "Wale watu wana mtoto wa miezi mingapi?" akauliza.

"Watu gani?"

"Wa tarehe moja."

"Mama, nitampigia wakala leo hii. Nitawarudishia pesa yao. Yamekwisha hayo."

"Sikuuliza hayo. Nauliza, wao wangeingia, mimi ningekwenda wapi?"

Neil alitazama viatu vyake. "Nilifikiri... Shangazi Enid ana chumba cha ziada."

Hakuwahi kuniuliza. Ningemkubalia, tena mara moja. Lakini hakuwahi kuniuliza, na Beryl aliligundua hilo usoni kwangu. Kwenye treni alikaa dirishani. Neil alitununulia chai za vikombe vya karatasi, na ya Beryl ilifika Haslow haijaguswa.

Malipo yakaanza. Pesa za nyuma zote zilipita kwa Beryl zikaenda moja kwa moja kwa Neil, na benki ikatulia. Beryl akawasha hita. Akanenepa kidogo. Ukimtazama kwa nje ungesema mambo yamenyooka. Lakini kila Ijumaa saa nne asubuhi alikwenda nyumbani kwa Neil na lile daftari, akalipa mlangoni, akasubiri sahihi, akarudi. Akikaribishwa ndani anasema ana haraka. Chakula cha Jumapili kikaisha. Wajukuu aliwaona, maana aliwafuata shuleni. Na Neil sasa alimwita "mwenye nyumba", hata akiongea nami tu.

"Mwenye nyumba kasema ataleta fundi wa bomba," ananiambia.

"Beryl, ana jina. Ulimpa wewe."

"Najua nilichompa."

Neil alikuja kwangu jioni moja, vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye ngazi, akakataa kuingia asije akachafua zulia.

"Shangazi, ningesema sitamtoa, tungeshindwa. Nikasema nitamtoa, tukashinda. Ulitaka niseme nini?"

"Na wakala je? Nani alikutuma kwa wakala?"

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Usiku silali, Joanne analia bafuni. Nikasema kama ni lazima niwe na meno, basi niyatumie. Halafu nikimwona mama nasema hapana. Halafu nikirudi nyumbani nasema ndiyo. Nilikuwa hivyo miezi miwili." Akajipangusa uso, vumbi likawa tope. "Umwambie."

Nikamwambia Beryl, kila neno. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya viazi.

"Namwelewa," akasema. "Usidhani simwelewi. Hata mimi ningekuwa na watoto wawili na benki mlangoni, sijui ningefanya nini. Lakini Enid, nilikwenda pale nikijua mwanangu atanidanganyia. Nilijiandaa kumwona anasema uongo kwa ajili yangu. Angedanganya ningemsamehe siku ileile." Akatupa kiazi kwenye maji. "Hakudanganya."

Baada ya mwaka na nusu jina lake likafika juu kwenye ile orodha ya kusubiri. Halmashauri ikampa chumba na sebule kwenye nyumba za wazee ng'ambo ya mfereji, ghorofa ya kwanza, kengele ya dharura ukutani, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Fomu nyingine tena, kurasa zilezile. Safari hii kwenye swali la undugu na mwenye nyumba aliandika "hapana" haraka akageuza ukurasa.

Neil ndiye aliyemhamisha kwa gari lake la kazi. Alibeba kitanda peke yake, akabeba kabati, akapanda na kushuka ngazi mara kumi na tisa, nilihesabu. Alirekebisha na kona ya dari iliyopasuka, bila kuombwa, akaisugua mpaka usingejua ilikuwa wapi. Walisema maneno ya kazi tu. Hapa? Hapo. Taratibu na hicho. Ilipofika saa kumi hakukuwa na kitu kingine cha kubeba, na Neil akasimama mlangoni, mikono mitupu imening'inia, anasubiri. Sijui alisubiri nini. Pengine kukaribishwa chai. Pengine kuitwa jina.

Nikamwona Beryl anafungua mkoba. Moyoni nikasema, Beryl, usifanye hivyo. Akatoa noti ya pauni ishirini akamnyooshea.

"Ya mafuta," akasema. "Umetumia gari lako siku nzima."

Neil akaitazama ile noti. Uso wake ulifanya kama unataka kusema jambo, kisha ukaacha. Akaipokea. Mpaka leo sijui kama aliipokea kwa hasira, au kwa sababu kuikataa kungeanzisha maneno ambayo hakuna kati yao aliyekuwa na nguvu nayo, au kwa sababu aliihitaji tu. Akasema ahsante, akashuka.

Tulisikia gari likiwaka, likageuka maegeshoni, likaenda. Beryl alisimama jikoni amenipa mgongo, anabonyeza vitufe vya jiko jipya la umeme kimoja kimoja.

"Hili linawashwaje?" akaniuliza. "Njoo unionyeshe, Enid. Silijui mimi."